Saa ya kompyuta ikipoteza majira, uliza kwanza inapoteza lini

Mtu akiniletea kompyuta ambayo saa yake haitulii, mara nyingi huwa amekwisha kununua betri mpya na ameishika mkononi. Namwomba aiweke mezani kwanza, anijibu swali moja: saa hii inabaki nyuma mashine ikiwa imezimwa, au inabaki nyuma huku unaitumia? Wengi hawajawahi kuangalia. Wanachojua ni kwamba asubuhi waliikuta imekosea, wakairekebisha, na kesho yake wakaikuta imekosea tena. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama tutafungua kasha, tutaandika amri mbili tatu, au tutabadilisha mpangilio mmoja tu na kazi ikaisha. Betri ni mshukiwa wa kwanza, sikatai, lakini nimeona betri nzima nyingi zikitolewa na kutupwa kwa kosa lisilo lao.

Saa mbovu haikosei ovyo. Kila ugonjwa una namna yake ya kuichelewesha, na ukiichunguza bila haraka itakuonyesha yenyewe pa kushika.

Saa ziko mbili

Ndani ya kompyuta mna saa mbili, na ukizichanganya hutaelewa yanayofuata.

Ya kwanza ni saa ya madabodi, yaani ile bodi kuu ya kompyuta, ambayo sisi mafundi tunaiita RTC. Fungua kasha la kompyuta ya mezani, tazama karibu na ile betri bapa ya duara. Kwenye bodi nyingi utaona kikopo chembamba cha bati, urefu wake milimita chache tu, kimelazwa au kimesimama juu ya miguu miwili myembamba. Ndani yake kuna kipande cha kwatzi kilichochongwa kwa umbo la uma wa meno mawili, nacho kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu. Ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na moja, yaani pigo moja kila sekunde, na sakiti ya kugawa kwa mbili ni miongoni mwa sakiti rahisi kabisa kutengeneza. Saa hii ndiyo inayokesha umeme ukikatika, ikitumia chaji kidogo sana kutoka kwenye betri. Haijui uko nchi gani wala haijui habari za nchi zinazosogeza saa majira ya joto yakiingia. Inatunza mwaka, mwezi, tarehe, saa, dakika na sekunde, basi.

Ya pili ni saa ya mfumo endeshi, ile unayoiona kwenye kona ya skrini. Hii hufa kila unapozima na huzaliwa upya kila unapowasha. Mashine inapoamka, Windows au Linux huisoma saa ya madabodi, kisha huendelea kuhesabu yenyewe kwa vihesabio vilivyomo ndani ya prosesa na chipu zinazoizunguka. Ndiyo maana saa ya kwenye kona inaweza kuchelewa mchana kutwa huku ile ya madabodi iko sawasawa, na kinyume chake pia.

Juu ya hizo mbili yuko msahihishaji, nazo ni seva za saa za kwenye intaneti. Hizi huzungumza na kompyuta yako kwa itifaki iitwayo NTP, ambayo David Mills aliichapisha mwaka 1985 na mpaka leo ndiyo inayotumika dunia nzima. Msahihishaji huyu ni msaada mkubwa, ila anaficha ugonjwa. Kwa kuwa anairudisha saa kwenye mstari kila mara, betri iliyokufa inaweza kukaa miezi bila mtu kujua, mpaka siku intaneti itakapokosekana.

Na tafadhali usilizoee tatizo hili kwa kuwa tu unajua kurekebisha saa kila asubuhi. Tovuti salama hutumia vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta ikiamini kwamba leo ni miaka kumi iliyopita, kivinjari kitakwambia cheti bado hakijaanza kutumika na kitakataa kufungua hata tovuti unayoiamini. Zile namba za siri za tarakimu sita zinazobadilika kwenye simu hukokotolewa kwa kipande cha muda cha sekunde 30, kwa hiyo kompyuta inayozizalisha ikichelewa dakika chache tu, namba zake zinakataliwa. Kwenye ofisi zenye mtandao wa Windows wa pamoja, kompyuta iliyotofautiana na seva kwa zaidi ya dakika 5 kwa kawaida haikubaliwi kuingia, na mwenye nayo atadhani amesahau neno lake la siri. Faili nazo zinapachikwa tarehe za uongo, halafu programu ya kuhifadhi nakala inaamini toleo la zamani ndilo jipya. Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu kazi ya mtu ikifutwa hivyo hairudi.

Jaribio la mchana na usiku

Kwanza mzuie msahihishaji, la sivyo atakufichia kosa. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya saa ya kwenye kona, fungua mipangilio ya tarehe na saa, kisha zima swichi inayoruhusu mashine ijipangie saa yenyewe. Kwenye Linux andika:

sudo timedatectl set-ntp false

Sasa weka saa sawa kwa kufuata simu iliyo kwenye mtandao. Kama unataka kipimo cha uhakika zaidi kuliko macho, Windows ina amri ninayoipenda sana:

w32tm /stripchart /computer:pool.ntp.org /samples:5 /dataonly

Haibadilishi chochote. Inauliza seva mara tano na kukuonyesha tofauti kati ya saa yako na ya kwao, kwa sekunde na vipande vya sekunde. Kwenye Linux yenye chrony, ambayo ni programu ya kusahihisha saa, kuna amri ya chronyc tracking, lakini hiyo hujibu msahihishaji akiwa amewashwa, kwa hiyo nitairudia huko mbele; kwa sasa linganisha na simu.

Chukua karatasi. Andika tarehe, saa na tofauti uliyoiona. Zuia mashine isilale, iache ikiwaka kutwa nzima, jioni upime tena na uandike. Kisha izime kabisa na uchomoe waya ukutani. Kama ni laptopu, chomoa chaja. Asubuhi yake usikimbilie kuufungua mfumo endeshi. Washa huku ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine; kitufe hicho kwenye mashine nyingi ni F2 au Delete. Usome saa iliyoandikwa humo. Shika simu kando ya skrini, subiri dakika ya simu igeuke, na pale pale tazama sekunde za BIOS zinasomaje. Hapo unaisoma saa ya madabodi yenyewe, kabla mtu yeyote hajaigusa.

Nasisitiza kuchomoa waya kwa sababu kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani, hata ukiwa umeizima, bado inapokea umeme mdogo wa kusubiri, na umeme huo ndio unaoiendesha saa ya madabodi. Betri inapumzika. Kwa hiyo mashine yenye betri iliyokufa kabisa inaweza kutunza saa vizuri usiku baada ya usiku, mpaka siku mtu atakapoichomoa ili afagie chini ya meza. Na wale wanaozima umeme kwenye soketi kila jioni wajue kwamba betri yao inafanya kazi usiku kucha, hivyo itachoka mapema kuliko ya jirani anayeacha waya umechomekwa.

Ikiwa ilipotea usiku

Mchana saa ilikwenda vizuri, usiku ikapotea. Hapo sasa ichukue ile betri yako mpya.

Dalili nyingine zinazoandamana na betri iliyochoka ni tarehe kurudi mbali sana, aghalabu tarehe 1 Januari ya mwaka ambao BIOS yako ilitengenezwa au karibu na hapo. Pia kuna maandishi meupe kwenye skrini nyeusi wakati wa kuwaka, yakilalamikia CMOS, yaani kumbukumbu ndogo inayotunza mipangilio ya BIOS, na kukutaka ubonyeze F1 ili uendelee. Betri inayoanza tu kuchoka hufanya jambo la taratibu zaidi: saa inasimama kwa muda usiku na kuendelea tena umeme ukirudi, hivyo asubuhi unaikuta nyuma kwa dakika kadhaa au saa kadhaa zisizo na mpangilio. Leo dakika 40, kesho saa mbili na dakika 10. Ukiona namba zisizofanana namna hiyo, ni betri au ni pale inapokaa.

Kabla ya kuitoa, fanya mambo mawili. Ingia BIOS upige picha kila ukurasa kwa simu. Betri ikitoka, kwenye mashine nyingi mipangilio hurudi ya kiwandani, na ikitokea diski ilikuwa kwenye hali ya RAID halafu ikarudi kwenye AHCI (hizi ni namna mbili za mashine kuzungumza na diski), au kinyume chake, Windows inaweza kukataa kuwaka na ukadhani umeua diski. La pili, kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, ile kufuli ya Windows, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, umeuandika au umeuhifadhi mahali pengine. Mipangilio ya BIOS ikibadilika mashine inaweza kuuomba, na bila ufunguo huo hakuna fundi atakayekufungulia.

Sasa zima, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma tupu cha kasha. Betri yenyewe, karibu kila kompyuta ya mezani, ni CR2032: kipenyo milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Imekaa kwenye kikombe cha plastiki chenye kibanio kidogo cha chuma pembeni. Sukuma kibanio kwa ukucha au kijiti cha plastiki, nayo itaruka yenyewe kidogo. Usiichokonoe kwa bisibisi ya chuma, kwa sababu ncha ikiteleza inakwangua njia nyembamba za shaba pembeni, na hapo umeua bodi kwa ajili ya betri. Tazama upande wenye alama ya kujumlisha ulielekea wapi; kwa kawaida unatazama juu.

Ukiwa na mita, pima. Betri mpya inasoma kati ya volti 3.0 na 3.3. Ikishuka chini ya 2.8 mimi naibadilisha bila kujadiliana nayo. Lakini ujue kwamba betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina mzigo, kwa hiyo ikisoma 2.9 na jaribio la usiku limeonyesha kosa, amini jaribio.

Angalia namba iliyochapwa juu ya betri unayoiweka. CR2025 ina kipenyo kile kile na volti zile zile, ila unene wake ni milimita 2.5. Inaingia kwenye kikombe vizuri kabisa na mtu asiyejua anaridhika. Mhasibu mmoja aliniletea mashine ambayo betri ilikuwa imebadilishwa mahali pengine si zamani. Baadhi ya siku tarehe ilikuwa ikirudi nyuma bila mpangilio, na ankara zake zilikuwa zimeanza kutoka na miaka isiyoeleweka. Alikuwa amegundua mwenyewe, na nilimsifu kwa hilo, kwamba tatizo hutokea siku ambazo kasha limesogezwa. Nilipofungua nilikuta CR2025. Ile tofauti ya milimita 0.7 iliifanya iguse mguu wa chini kwa shida, na kasha likitikiswa kidogo waya ukiwa umechomolewa, mguso ulipotea. Kuweka CR2032 kulitosha.

Ifute betri mpya kwa kitambaa kikavu na uishike pembeni, kwani mafuta ya vidole yanadhoofisha mguso. Kama miguu ya kikombe ina kutu ya kijani, isafishe. Kama imelegea, iinue kidogo sana. Tazama pia kama kuna kifuniko kidogo cha plastiki kinachounganisha pini mbili karibu na maandishi yanayohusu kufuta CMOS. Kikiwa kimeachwa kwenye nafasi ya kufuta, saa haitashika hata uweke betri ya aina gani.

Kwenye laptopu hali ni tofauti kidogo. Mara nyingi ni CR2032 hiyo hiyo au ndogo yake, lakini imevikwa plastiki na kutolewa nyaya mbili zenye plagi ndogo, halafu imebandikwa kwa gundi mahali popote palipopatikana nafasi. Nunua iliyokwisha kuwa na nyaya na plagi inayolingana. Usichomelee nyaya juu ya betri ya lithiamu kwa mkono, joto la chuma cha kuchomelea linaweza kuipasua. Baadhi ya laptopu mpya hazina betri hiyo kabisa, saa inalishwa na betri kubwa. Hizo zikiachwa muda mrefu mpaka chaji ikaisha kabisa, saa inapotea, na hakuna kilichoharibika.

Na hili nalisema kila ninapofanya kazi hii. Ile betri ya zamani usiiache mezani. Mtoto mdogo akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu, hata kama kwako wewe ilikuwa imekwisha. Ifunge kwa karatasi ya gundi pande zote mbili, iweke juu, na uipeleke panapokusanywa betri zilizotumika. Ukishuku tu kwamba mtoto amemeza, nenda hospitali wakati huo huo.

Ikiwa inakosea kwa saa kamili

Hili huchukua muda mfupi kulieleza, ingawa ndilo linalowafanya watu wengi wanunue betri bure. Dakika ziko sawa, sekunde ziko sawa, ila saa imekosea kwa saa mbili kamili, au tatu, au moja. Betri haijui kukosea kwa unadhifu namna hiyo. Hilo ni kosa la kanda za saa.

Kwanza tazama kama ukanda uliochaguliwa kwenye mipangilio ndio wako. Kama ni sahihi na bado inakosea, na mashine ina Windows na Linux kwa pamoja, umeshapata jibu. Windows huandika kwenye saa ya madabodi majira ya mahali ulipo, desturi iliyoanzia zama za DOS ambayo haikujua kanda za saa. Linux huandika majira ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia ambayo kanda zote hupimwa kwayo. Ukitoka Linux ukaingia Windows, Windows inaikuta UTC na kuiamini kuwa ni saa ya ukutani. Kama eneo lako liko saa tatu mbele ya UTC, umebaki nyuma saa tatu.

Ushauri wangu ni kuziweka zote mbili kwenye UTC, kwa sababu UTC haibadiliki majira ya joto yakiingia wala yakitoka. Upande wa Linux:

sudo timedatectl set-local-rtc 0

Upande wa Windows, fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi uandike mstari huu mmoja, kisha uwashe mashine upya:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Kama huna mifumo miwili na bado kosa ni la saa moja kamili, huenda mfumo wako haujasasishwa muda mrefu na serikali ya hapo ulipo imebadilisha kanuni za majira. Nchi hufanya hivyo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Samoa mwaka 2011 iliiruka kabisa tarehe 30 Desemba. Sasisha mfumo, kosa litaondoka.

Ikiwa inachelewa huku inawaka

Sasa twende kwenye ile saa ya pili, ya mfumo endeshi. Betri haihusiki hapa hata kidogo.

Uliza kwanza ni kiasi gani. Mafundi wa saa hupima kwa sehemu kwa milioni. Sehemu moja kwa milioni ni sekunde 0.0864 kwa siku. Kwatzi ya kawaida inaruhusiwa kukosea kama sehemu 20 kwa milioni, sawa na sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Kwa hiyo saa inayopoteza sekunde kumi kwa wiki si mbovu. Haina tu wa kuisahihisha, na dawa yake iko kwenye sehemu ya intaneti hapa chini.

Kuna jambo moja zuri kulijua kuhusu ile kwatzi ya umbo la uma kwenye madabodi. Imechongwa ili iende kasi yake kamili kwenye nyuzi joto 25 hivi. Ikipata joto zaidi inapunguza kasi. Ikipata baridi nayo inapunguza kasi. Kwenye nyuzi 45 inapoteza zaidi ya sekunde moja kwa siku kwa sababu ya joto peke yake. Kwa hiyo kompyuta iliyojaa vumbi au iliyofungiwa kabatini, joto litaichelewesha saa yake ya madabodi, halitaiwahisha. Safisha feni, ipe hewa.

Lakini ikiwa inapoteza dakika nzima kwa saa huku unafanya kazi, hilo ni kubwa na lina sababu zake. Ninayokutana nayo zaidi ni mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa ndani ya kompyuta nyingine. Ukiisimamisha au mwenyeji wake akilala, yenyewe haihesabu, na ikiamka inaendelea pale ilipoishia. Sakinisha programu za mgeni zinazokuja na mfumo unaouendesha, VMware au VirtualBox au Hyper-V, na uwashe kipengele cha kulinganisha saa na mwenyeji.

Kwenye Linux ya kawaida, angalia kihesabio kinachotumika:

cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

Kompyuta nyingi za mezani na laptopu zitajibu tsc, yaani kihesabio kilichomo ndani ya prosesa. Zikijibu kingine, soma sudo dmesg utafute mstari unaosema tsc imetiwa alama ya kutoaminika. Ukiuona, sasisha BIOS, kwa sababu aghalabu vihesabio vya viini mbalimbali vya prosesa vimeachana na ni BIOS iliyoshindwa kuviweka pamoja. Kwenye Windows, kama uliwahi kufuata ushauri wa kuharakisha michezo ukalazimisha mashine itumie kihesabio cha nje, kiondoe kwa bcdedit /deletevalue useplatformclock na uwashe upya.

Mwenye chrony ana bahati. Andika chronyc tracking, soma mstari wa masafa. Ukisema 12 ppm slow (ppm ni zile sehemu kwa milioni), saa yako ya mfumo kwa asili yake inapoteza takriban sekunde moja kwa siku, na chrony imekwisha kulijua hilo na inalifidia. Ukisema mamia, kuna tatizo la vifaa au la mashine pepe.

Mumrudishe msahihishaji

Ukishajua ugonjwa na kuutibu, washa tena usawazishaji. Kwenye Linux ni timedatectl ile ile ukiweka true badala ya false. Kwenye Windows, washa swichi, kisha kwenye dirisha la msimamizi:

net start w32time
w32tm /resync
w32tm /query /status

Ukiambiwa huduma imekwisha kuwaka, endelea tu. Mstari wa chanzo kwenye jibu la mwisho ukitaja saa ya CMOS yenyewe badala ya jina la seva, kompyuta haimpati msahihishaji. Sababu kubwa ni ukuta wa moto au ruta iliyofunga mlango wa UDP namba 123. Fungua huo, au muulize msimamizi wa mtandao ni seva gani ya ndani anayotaka mtumie.

Ikikataa ingawa mtandao uko wazi, tazama tarehe. Windows isiyo kwenye mtandao wa ofisi kwa kawaida haikubali kusahihisha tofauti inayozidi saa 15, ikiogopa kudanganywa. Kwa hiyo mashine iliyorudi miaka kumi nyuma utaipiga /resync mpaka uchoke. Iweke kwa mkono kwanza karibu na muda wa kweli, mwaka na mwezi pamoja, kisha uombe usawazishaji.

Na Windows za zamani zilikuwa zikiuliza seva mara moja tu kwa wiki. Kama yako ni hiyo na unahitaji usahihi, usirundike programu mbili tatu za kusahihisha saa. Zitavutana, moja ikipeleka mbele na nyingine ikirudisha, na utaona saa inarukaruka bila sababu. Chagua moja, ondoa nyingine. Ukiona saa inakaa sawa kwa muda halafu inarudi kwenye kosa lile lile, hii ndiyo sehemu ya kwanza ya kutazama.

Wenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, nawataja mwishoni kwa sababu kwao hakuna cha kutengeneza. Matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 5 hayana saa ya madabodi kabisa. Ikizimwa, inahifadhi muda wa mwisho iliouona, na ikiwaka bila intaneti inaendelea kutoka hapo. Toleo la 5 lina saa, ila betri yake unainunua kando. Kwa mashine itakayokaa mbali na mtandao, chomeka kipande chenye chipu ya DS3231. Chipu hiyo hupima joto lake yenyewe na kufidia kasi ya kwatzi, hivyo kati ya nyuzi 0 na 40 haikosei zaidi ya sehemu 2 kwa milioni, yaani kama dakika moja kwa mwaka mzima.

Baada ya yote hayo, rudia jaribio la usiku mara moja zaidi, waya umechomolewa na intaneti imezimwa, usome BIOS asubuhi. Ikiwa sawa, chukua kipande cha karatasi ya gundi, andika mwezi na mwaka uliobadilisha betri, ukibandike ndani ya kasha karibu na kikombe chake. Fundi atakayefungua baada yako ataanzia hapo.